Kamera Ipi Inatufaa? Somo kwa Kamati za Miradi Kuhusu Kununua Kamera ya Video



Katika toleo hili tunaleta somo ambalo limeombwa na sharika kadhaa. Baadhi zimepata fedha za kununua kamera ya video na hazijui zinunue ipi. Nyingine zimeahidiwa kamera na marafiki wa nje, nazo zinauliza kama zipokee tu au ziseme neno. Sisi wa ofisi ya miradi si mafundi wa filamu. Hata hivyo tumekuwa tukirekodi kazi za miradi kwa miaka mingi, tumekosea, na makosa hayo yametufundisha. Hivyo basi tunawashirikisha tuliyojifunza ili ninyi msiyarudie.

Kilichotupata

Mwaka 2019 tulikwenda kwenye makabidhiano ya mradi wa maji ya mserereko katika kijiji kimoja cha milimani. Chanzo cha maji kilikuwa katika shamba la mzee mmoja ambaye alilitoa bila kudai malipo, ingawa majirani zake walimwambia anajidhulumu yeye na watoto wake. Siku ile alikubali kusimama na kueleza kwa nini alifanya hivyo. Hakuwa mtu wa kusema hadharani, na wengi walikuwa hawajawahi kumsikia.

Tulisimamisha kamera juu ya stendi, tukabonyeza kitufe cha kurekodi sherehe ilipoanza, tukaenda kukaa na wageni. Tulipofika ofisini tukakuta tumerekodi utangulizi, nyimbo mbili na hotuba ya mgeni rasmi. Kamera ilikuwa imejizima yenyewe kabla ya kutimiza nusu saa. Mzee alizungumza baada ya hapo. Tulijipa moyo kwamba tutarudi kumrekodi nyumbani kwake, lakini kazi zilitusonga, na mwaka uliofuata alifariki. Familia yake ilituomba nakala ya maneno yake ili waisikilize siku ya arobaini, nasi hatukuwa na cha kuwapa.

Kamera ile haikuwa mbovu. Kamera nyingi za picha zilizotengenezwa miaka ile ziliwekewa kikomo cha dakika 29 na sekunde 59 kwa kila kipande cha video. Sababu moja kubwa ilikuwa ya forodha: Umoja wa Ulaya ulizihesabu kamera zinazorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera za video, na hizo zilitozwa ushuru mkubwa zaidi. Watengenezaji wakaona ni nafuu kuweka kikomo. Jambo hilo liliandikwa katika kitabu cha maelekezo, ambacho sisi hatukukisoma. Tuliinunua kamera kwa kuangalia ubora wa picha peke yake, na hatukuuliza kama inaweza kumaliza ibada, semina au makabidhiano.

Huo ndio msingi wa somo hili: kamera ichaguliwe kwa kuanzia kwenye kazi na kwa mtu atakayeishika, ndipo tuangalie uzuri wa picha.

Aina mbili za kamera

Siku hizi anayetafuta kamera ya video ya kubadilisha lenzi atasikia majina mawili: kamera zisizo na kioo, na kamera za sinema.

Kamera za picha za zamani zilikuwa na kioo ndani, kilichopeleka mwanga kutoka kwenye lenzi hadi kwenye jicho la mpiga picha. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya kwanza ya mfumo wake iliyoondoa kioo hicho na kuweka kioo kidogo cha umeme cha kutazamia. Mwaka huohuo Canon ilitoa EOS 5D Mark II, ambayo bado ilikuwa na kioo, lakini iliweza kurekodi video ya ubora wa juu kwa kutumia lenzi za picha. Tangu hapo kazi za video ambazo zamani zilihitaji mitambo mikubwa zilianza kufanywa kwa kamera ya kushika mkononi. Kamera zisizo na kioo ndizo zilizorithi kazi hiyo. Ni nyepesi, zinapiga picha za mnato na za video, na nyingi zinalenga sura ya mtu zenyewe.

Kamera za sinema zimetengenezwa kwa ajili ya video kwanza. Kwa kawaida zina feni ya kupoza joto, soketi za maiki kubwa, na zinahifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi ili mhariri aweze kurekebisha picha baadaye. Baadhi zina vichujio vya kupunguza mwanga ndani yake. Kwa upande mwingine nyingi ni nzito, zinakula betri na kadi, na zinamtaka mpigaji awe na ujuzi.

Ikumbukwe kwamba mpaka kati ya makundi haya umefifia. Zipo kamera za sinema zenye umbo dogo kama la kamera ya picha, na zipo kamera zisizo na kioo zinazotumika kutengeneza filamu. Kwa hiyo msibishane juu ya jina. Pimeni mambo yafuatayo.

Mambo sita ya kupima kabla ya kununua

*1. Muda wa kurekodi na joto.* Ulizeni: je, kamera hii itarekodi saa mbili mfululizo? Kamera mpya nyingi hazina tena kikomo cha nusu saa, lakini za mitumba bado zipo sokoni kwa wingi. Jambo la pili ni joto. Kamera ndogo isiyo na feni ikirekodi kwa ubora wa 4K juani inaweza kupata moto na kujizima. Ile yenye feni huvumilia zaidi. Kama mnayo isiyo na feni, rekodini kwa ubora wa HD, fungueni kioo cha pembeni kikae mbali na mwili wa kamera, na mwekeeni mpigaji mwavuli.

*2. Sauti.* Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asiposikia maneno ataacha kutazama. Maiki iliyo ndani ya kamera yoyote, hata ya bei kubwa, iko mbali na mdomo wa msemaji. Angalieni kama kamera ina tundu la maiki na tundu la hedifoni. Tundu la pili husahaulika, nalo ndilo litakalowaambia kwamba waya umekatika kabla sherehe haijaisha. Maiki ya kubana kwenye shati, au maiki iliyo umbali wa mkono mmoja kutoka kwa msemaji, itawafaa kuliko kuongeza bei ya kamera. Milimani na nyikani upepo ni adui. Nunueni na manyoya ya kufunika maiki.

*3. Mwanga na sura za watu.* Watu wetu tunawarekodi nje, saa sita mchana, wakiwa na anga jeupe nyuma yao. Kamera iliyoachwa ijipangie yenyewe itaangalia anga na kuzitia giza nyuso. Hapa kamera ya sinema ina nafuu ya kweli: inaweza kutunza weupe wa anga na weusi wa uso kwa pamoja, kisha mhariri akavirekebisha. Lakini hata kamera ya kawaida itatoa picha nzuri kama mpigaji atapima mwanga kwa uso wa msemaji, au atamwomba asogee chini ya mwembe. Kusogea chini ya mwembe hakuna gharama.

*4. Kulenga, na mtu atakayeishika.* Kamera nyingi zisizo na kioo za miaka ya karibuni zinamtambua mtu na kumfuata akitembea. Baadhi ya kamera za sinema haziendelei kulenga zenyewe. Mpigaji lazima azungushe pete ya lenzi kwa mkono. Kwa fundi mzoefu hilo si tatizo. Kwa mwinjilisti, mwalimu au kijana wa kujitolea aliyeshika kamera kwa mara ya nne, ni tatizo kubwa, kwa sababu kosa hilo halionekani kwenye kioo kidogo mpaka ufike kwenye kompyuta.

*5. Umeme.* Hesabuni betri kwa saa za kazi, si kwa idadi iliyo kwenye boksi. Kama betri moja inadumu saa moja na safari ni ya siku mbili mahali pasipo na umeme, betri moja ya akiba haitoshi. Ulizeni pia kama kamera inaweza kuchajiwa kwa waya wa USB, maana hapo chaja ya gari au ya sola itasaidia.

Aidha, lipo jambo linalowahusu wanaopokea kamera kutoka Marekani. Umeme wetu ni wa hezi 50, wa kule ni wa hezi 60. Kamera iliyopangwa kwa mfumo wa NTSC ikirekodi ndani ya ukumbi wenye taa za umeme wetu, picha inaweza kupepesa au kuonyesha mistari inayopita. Ingieni kwenye menyu, badilisheni mfumo uwe PAL, rekodini fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata iwe 1/50. Tumeona kamera nzuri ikiwekwa kabatini kwa kudhaniwa ni mbovu, kumbe ilihitaji badiliko hilo tu.

*6. Mahali pa kuhifadhi.* Hili ndilo jambo ambalo kamati nyingi hazilihesabu, na ndilo linalovunja bajeti baadaye. Tuchukue mfano wa ofisi inayorekodi saa 12 katika kila robo ya mwaka:

- Video ya HD ya megabiti 50 kwa sekunde hutumia GB 22.5 kwa saa. Kwa robo mwaka ni GB 270.
- Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia GB 45 kwa saa. Kwa robo mwaka ni GB 540.
- Video ghafi ya 4K ya kamera ya sinema, ikibanwa sana, hutumia takriban GB 100 kwa saa. Kwa robo mwaka ni GB 1,200.
- Video hiyohiyo ghafi ikibanwa kidogo hukaribia GB 400 kwa saa. Kwa robo mwaka ni GB 4,800.

Kumbukeni kwamba kila kitu kinapaswa kuwa na nakala mbili, kila moja katika diski yake, na diski hizo zisikae katika chumba kimoja. Kwa hiyo zidisheni kwa mbili, kisha zidisheni kwa robo nne za mwaka. Ofisi inayorekodi HD itahitaji nafasi ya GB 2,160 kwa mwaka. Ofisi inayorekodi video ghafi iliyobanwa kidogo itahitaji zaidi ya GB 38,000. Tena kompyuta ya kuhariri video hiyo lazima iwe na nguvu, na nayo ina bei yake.

Mifano minne

Hatuuzi kamera, wala hatuna ubia na kampuni yoyote. Tunataja hizi kwa sababu zinaonyesha tofauti tulizozieleza, na bei tunazotaja ni za Marekani siku zilipotangazwa, kwa mwili wa kamera bila lenzi. Kodi, usafirishaji na faida ya duka huongezeka juu yake.

Sony ZV-E10 ilitoka mwaka 2021 kwa takriban dola 700. Ni nyepesi, inalenga sura yenyewe, ina tundu la maiki na la hedifoni, na kioo chake kinageuka. Haina kizuia mtikisiko ndani ya mwili, wala feni, na betri yake ni ndogo. Ni kamera ya kazi za kawaida, ikiwa juu ya stendi na ikiwa na betri za akiba.

Panasonic GH5 ilitoka mwaka 2017 kwa takriban dola 2,000, na leo hupatikana kwa mtumba. Hurekodi bila kikomo cha muda, ina nafasi mbili za kadi na kizuia mtikisiko kizuri. Udhaifu wake unaojulikana ni kulenga kwenyewe wakati wa video, ambako hakuaminiki sana.

Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ilitangazwa mwaka 2018 kwa dola 1,295. Bei hiyo iliwashangaza wengi kwa kuwa ni kamera ya sinema halisi, yenye kioo kikubwa cha inchi 5 na soketi ndogo ya XLR, na huja na leseni ya programu ya kuhariri. Lakini haiendelei kulenga yenyewe, haina kizuia mtikisiko, na betri yake ndogo hudumu kama saa moja. Bei ya mwili wake ni mwanzo tu wa gharama.

Sony FX30 ilitoka mwaka 2022 kwa takriban dola 1,800. Iko katikati ya makundi mawili: ina feni, kizuia mtikisiko na rangi za kutosha kwa mhariri, na inalenga sura yenyewe. Mpini wenye soketi za XLR huongeza bei.

Mwaona kwamba ile ya tatu ni ya bei ndogo kuliko ya nne, lakini huenda ikawa ghali zaidi ikishawekewa betri, diski na mtu wa kuitumia.

Zawadi iliyotugawa

Mwaka 2023 marafiki wetu wa usharika mmoja wa Ulaya walituandikia kwamba wamekusanya fedha za kutununulia kamera ya sinema, na wameshachagua aina. Barua ilisomwa katika kamati na furaha ilikuwa kubwa. Wanakwaya waliona sasa watarekodi nyimbo zao kwa ubora wa studio. Mhasibu aliuliza diski zitalipwa na nani. Mjumbe mmoja, mama mwenye umri mkubwa, aliuliza kama kamera ile ingemrekodi yule mzee mpaka mwisho. Ukumbi ulinyamaza kidogo.

Wapo waliosema zawadi haikaguliwi meno, na kwamba tukiwajibu wafadhili kwa masharti, mwakani hawatatuandikia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Miradi yetu mingi inategemea barua kama ile. Baada ya majadiliano marefu tulikubaliana kuazima kamera mbili kwa wiki mbili, moja ya sinema na moja isiyo na kioo, na kuzitumia kwa kazi zetu za kila siku.

Katika wiki hizo mbili tulirekodi semina ya wafugaji wa kuku, ziara ya kisima na mazoezi ya kwaya. Picha za kwaya za kamera ya sinema zilikuwa nzuri mno, hakuna aliyebisha. Kanzu nyeupe zilionekana na mikunjo yake, na nyuso zilionekana zote. Lakini katika semina, kijana wetu alisahau kulenga upya mwalimu aliposogea kwenye banda, tukapoteza somo lote la chanjo. Kule kisimani betri ziliisha saa nane mchana. Kompyuta ya ofisi ilishindwa kufungua mafaili mpaka tulipoomba msaada mjini. Kamera isiyo na kioo ilimaliza kazi zote tatu, na filamu fupi ya semina ilikuwa tayari siku ya nne.

Tuliwaandikia marafiki zetu barua ya kurasa mbili. Tuliwaeleza habari za yule mzee, tukaambatanisha jedwali la gharama za miaka mitatu, tukawaomba fedha zilezile zigawanywe: kamera isiyo na kioo, maiki mbili zisizo na waya, stendi imara, betri nne, diski mbili, na mafunzo ya siku tano kwa watu watatu. Tulikaa wiki tatu bila jibu, na lawama zikaanza. Jibu lilipokuja lilikuwa la upendo. Walisema walichagua kamera kubwa kwa sababu waliogopa kwamba kutupa kifaa kidogo kungeonekana ni kutudharau. Kumbe pande zote mbili tulikuwa na hofu ya kukoseana heshima, na hakuna aliyeuliza.

Hatusemi kwamba uamuzi wetu haukuwa na gharama. Mwalimu wa kwaya bado anatukumbusha kila tunapokutana kwamba video zao za jioni zina chembechembe gizani, naye anasema kweli. Kwa kazi yake, kamera nyingine ingefaa zaidi. Tumekubaliana kwamba kwaya ikitaka kurekodi albamu, tutakodi kamera ya sinema pamoja na fundi wake kwa siku hizo.

Kanuni tunazofuata sasa

1. Mwili wa kamera usizidi nusu ya bajeti yote. Nusu nyingine ni lenzi, maiki, stendi, betri, kadi, diski na mafunzo.
2. Kamera isinunuliwe kabla ya kupimwa kwa kazi halisi, angalau kwa siku moja. Mkishindwa kuazima, kodini.
3. Watu wasiopungua wawili wajue kuitumia. Aliyefundishwa peke yake akihama, kamera huhama naye hata kama imebaki kabatini.
4. Kadi zinunuliwe dukani panapotoa risiti, na zijaribiwe kwa kujazwa hadi mwisho kabla ya safari. Kadi bandia hujionyesha ikishajaa, wakati ambapo mmeshachelewa.
5. Mpigaji asiondoke kwenye kamera wakati mtu anazungumza, na avae hedifoni.
6. Lenzi ibadilishwe kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini, ndani ya gari au nyumba. Kamera nyingi zisizo na kioo hazina kitu kinachokinga kihisi chake dhidi ya vumbi.
7. Anayerekodiwa aelezwe video itaonyeshwa wapi na kwa nani, naye akubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo, na hata isingekuwapo sheria, utu unatudai. Apewe nakala yake pia. Hiyo ni deni, si fadhila.

Kwa sharika ambazo mahitaji yake ni video ya dakika tatu mara mbili kwa mwaka, ushauri wetu ni kwamba msinunue kamera kwa sasa. Simu nzuri ya mjumbe mmoja, maiki ya shati na stendi ndogo vitatosha. Fedha zitakazobaki zitafanya kazi nyingine.

Neno kwa wafadhili

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba jambo moja: kabla ya kuchagua kifaa, tuulizeni kitafanya kazi gani, nani atakishika, na mwaka wa pili kitalipiwa na nani. Mkituuliza hatutaona kama mnatushuku. Nanyi tukiwajibu kwa kuomba kitu kidogo kuliko mlichopanga, msidhani tumekataa upendo wenu.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kwa miezi 12 iliyopita, ni matukio gani tulihitaji kuyarekodi, na kila moja lilichukua saa ngapi?
2. Nani wawili miongoni mwetu watajifunza kamera, na je, wana nafasi?
3. Tukijumlisha betri, maiki, diski na matengenezo kwa miaka mitatu, gharama yote ni kiasi gani?
4. Video zetu za zamani ziko wapi leo? Je, zina nakala ya pili?
5. Ni mzee gani katika usharika wetu ambaye maneno yake hayajarekodiwa?

Swali la tano msilisubirishe mpaka kamera ipatikane. Chukueni simu iliyopo, kaeni karibu naye, hakikisheni inarekodi, na mwacheni azungumze mpaka amalize.

Tunawatakia kazi njema. Majibu na maswali yenu tutayapokea kupitia kwa makatibu wa sharika, nasi tutayajibu katika toleo lijalo.